Shajara ya mradi: Kurudisha sentro loki ya vakyumu kwenye Mercedes-Benz 300 D (W123)

Ingizo la 1: Dalili

Gari ni 300 D ya W123 (namba ya kiwandani ya umbo hili la Mercedes), dizeli ya silinda 5 (injini ya OM617), gia otomatiki, sentro loki ya kiwandani inayoendeshwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa, isiyotumia umeme hata kidogo. Malalamiko ni matatu. Ukifungua mlango wa dereva kwa ufunguo, mlango wa nyuma kulia haujibu kabisa na mwingine unajivuta polepole. Gari likilala usiku kucha, asubuhi hakuna mlango unaofuata ule wa dereva mpaka injini iwashwe. La tatu ndilo linalowasumbua wengi bila kujua linatoka wapi: ufunguo ukizimwa, injini inaendelea kunguruma kwa sekunde kadhaa kabla ya kufa.

Hayo matatu ni tatizo moja. Kwenye dizeli za W123, pampu ya vakyumu iliyofungwa mbele ya injini ndiyo inayolisha busta ya breki (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki), sentro loki, kizimio cha injini kilicho kwenye pampu ya nozeli, na modulita ya gia otomatiki (kifaa kinachoamua ulaini wa gia kuingia). Injini ya dizeli haizimwi kwa kukata umeme wa plagi maana haina plagi za cheche. Ufunguo unafungua vali ndogo nyuma ya swichi, vakyumu inafika kwenye kizimio, nacho kinakata mafuta. Loki za milango zikivuja sana, kizimio kinakosa nguvu. Gia nazo huanza kuingia kwa kishindo. Kwa hiyo anayebadilisha kizimio kwa sababu injini haizimiki, kabla ya kuangalia milango, mara nyingi anatupa kifaa kizima.

Tahadhari kabla ya yote: mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki hauchomolewi kwa majaribio ya barabarani wala hauzibwi. Kazi yetu yote iko kwenye mirija myembamba ya plastiki inayochomoza kutoka hapo. Na injini ikigoma kuzima, chini ya boneti kuna mkono mdogo ulioandikwa STOP kwenye mitambo ya pampu ya nozeli. Ubonyeze, injini inazima.

Ingizo la 2: Ramani ya mfumo

Huwezi kutafuta uvujaji usipojua hewa inapita wapi. Vakyumu inatoka kwenye mpira wa busta, inapita vali ya njia moja, inaingia ndani ya gari kupitia ukuta wa injini, halafu inafika kwenye tangi la akiba la plastiki lililoko nyuma kwenye buti na kwenye vali kuu ndani ya mlango wa dereva. Tangi ndilo linalowezesha milango kujifunga na kujifungua injini ikiwa imezimwa. Vali ya njia moja inazuia vakyumu ya tangi isirudi kupotelea kwenye injini.

Mlango wa dereva hauna akchueta, yaani kile kifaa kinachosogeza kitasa kwa nguvu ya vakyumu. Una vali kuu tu, inayosukumwa na mitambo ya kitasa chenyewe, na ina matundu matatu: moja la kupokea vakyumu kutoka kwenye tangi, moja la njia ya kufunga, moja la njia ya kufungua. Ukifunga kwa ufunguo, vali inaunganisha tangi na njia ya kufunga, na papo hapo inaachia njia ya kufungua ipate hewa ya nje. Ukifungua, kinyume chake. Milango mingine mitatu ina akchueta zenye matundu mawili: ndani kuna diaframu ya mpira, vakyumu ikivuta upande mmoja fimbo inapanda, ikivuta upande wa pili fimbo inashuka.

Jambo la kushika hapa ni kwamba vakyumu haikatwi baada ya mlango kujifunga. Upande uliochaguliwa unabaki chini ya mvuto muda wote. Tundu dogo kwenye njia ya kufungua linamaliza akiba yote gari likiwa wazi, lakini likifungwa tundu hilohilo halina madhara, kwa kuwa upande huo umeachiwa hewa. Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza mwenye gari ni: injini inachelewa kuzima milango ikiwa imefungwa, imefunguliwa, au vyote viwili? Jibu linakuondolea nusu ya mirija kabla hujashika bisibisi. Gari hili linachelewa sana milango ikiwa wazi, na kidogo milango ikiwa imefungwa. Maana yake kuna uvujaji mkubwa kwenye njia ya kufungua na mwingine mdogo kwenye njia ya kufunga, au kwenye vali kuu yenyewe.

Ingizo la 3: Vifaa

Pampu ya vakyumu ya mkono yenye geji ndiyo kifaa cha lazima. Bila geji utabadilisha vitu kwa kubahatisha. Vingine: vipande vya mpira laini vya kuunganishia pampu na mirija, vizibo (skrubu fupi zisizo na ncha kali zilizopakwa grisi ya silikoni zinatosha), utepe wa kuwekea alama, kalamu isiyofutika, wenzo wa plastiki wa kubandulia klipu za paneli, na bisibisi za nyota na bapa.

Tumepima kwa milibari chini ya hewa ya nje. Wenye geji ya inchi za zebaki wahesabu inchi 1 kuwa takriban milibari 34, hivyo 500 ni karibu inchi 15. Kigezo tulichojiwekea: sehemu yoyote ikivutwa hadi 500 isipoteze zaidi ya 20 kwa dakika 5. Walioko nyanda za juu wakumbuke kwamba kila mita 300 za kupanda hupunguza takriban inchi 1 ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, hata kama pampu ni mpya kabisa.

Kasi ya geji kushuka pekee haikuambii ukubwa wa tundu, lazima uangalie pia ujazo wa kitu unachopima. Mrija wa mita 3 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 2 una ujazo wa chini ya sentimita 10 za ujazo. Ukiongeza akchueta unafika labda 40. Geji ikishuka 100 kwa dakika hapo, hewa inayoingia ni sentimita 4 tu za ujazo kwa dakika, uvujaji mdogo. Lakini kushuka uleule wa 100 kwa dakika kwenye tangi la lita 2 ni sentimita 200 kwa dakika, mara 50 zaidi. Ndiyo sababu kila kipimo kwenye shajara hii kimeandikwa pamoja na kilichokuwa kimeunganishwa.

Ingizo la 4: Chini ya boneti

Hapa tunajibu swali moja tu: ubovu uko upande wa injini au upande wa milango?

Mrija wa njano unaokwenda kwenye loki ulichomolewa kwenye kiungo chake karibu na busta, na mahali ulipotoka pakazibwa. Injini ikawashwa, ikaachwa ikae mlio wa chini, kisha ufunguo ukazimwa. Injini ilizima papo hapo. Geji ilipowekwa mahali pa mrija huo, ilionyesha 720. Pampu ya vakyumu ni nzima, kizimio ni kizima, vali ya nyuma ya swichi ni nzima. Jaribio hili halidai kufungua hata paneli moja, ndiyo maana linatangulia mengine yote.

Kama injini ingeendelea kuchelewa hata baada ya kuziba njia ya loki, tungekwenda kwenye kizimio: chomoa mrija wake wa kahawia, vuta 500 kwa pampu ya mkono moja kwa moja. Kisiposhika, diaframu yake imekufa. Ukikuta mafuta ya injini ndani ya mrija huo, hiyo nayo ni dalili ya kizimio kuvuja, na mafuta yale yatasafiri yakalainishe kila kiungo cha mpira kilicho mbele yake. Mirija yetu ilikuwa mikavu.

Vali ya njia moja ilichomolewa na kupulizwa kwa mdomo. Inapaswa kupitisha hewa kuelekea kwenye pampu na kugoma kabisa upande wa pili. Hii ilipitisha kidogo pande zote mbili. Peke yake inatosha kueleza kwa nini akiba haidumu hadi asubuhi. Tumeweka mpya, tukahakikisha imeelekezwa sawa. Ikiwekwa kinyume, loki hazipati kitu kabisa, na mtu anaweza kuhangaika na milango saa nyingi kwa kosa la kifaa cha urefu wa kidole.

Ingizo la 5: Miguuni kwa dereva

Kingo za plastiki za chini ya mlango na kapeti ya miguuni upande wa dereva zimefunuliwa. Mirija mitatu ya vali kuu inatoka mlangoni kupitia mpira wa bawabani, inakutana hapa na mirija ya sehemu nyingine kwa viungo vya mpira vya tawi tatu na nne. Mistari ya rangi kwenye mirija hii imefifia kwa umri, nyekundu na kijani haziachani vizuri kwenye plastiki iliyogeuka kahawia. Kila mrija ukabandikwa utepe kabla ya kuchomolewa: T kwa tangi, F kwa kufunga, W kwa kufungua, ikifuatiwa na jina la mlango. Usiamini rangi, amini pampu: vuta mrija, tazama ni kitufe kipi cha mlango kinachocheza na kinakwenda upande gani.

Vipimo, kila kimoja kikianzia 500:

Mrija wa tangi, upande wa vali kuu umezibwa: baada ya dakika 5 umebaki 490. Tangi na mrija wake ni wazima. Kuvuta tangi kwa mkono kunachukua muda mrefu kwa sababu ya ujazo. Usidhani pampu imeharibika.

Njia ya kufunga yote, bila vali kuu: imebaki 440 baada ya dakika 5. Ipo kasoro ndogo.

Njia ya kufungua yote, bila vali kuu: haikufika hata 200. Hapa ndipo penye shimo.

Tawi kwa tawi sasa. Njia ya kufungua ya mlango wa abiria mbele: 500 ikawa 410. Nyuma kushoto: 495. Nyuma kulia: geji haikusogea kabisa, kama vile mrija haukuunganishwa na kitu. Buti na kifuniko cha mafuta kwa pamoja: 485. Upande wa kufunga, tawi pekee lililoshuka zaidi ya kigezo ni la abiria mbele.

Kabla ya kulaani akchueta, mrija wenyewe lazima upimwe peke yake. Geji isiposogea kabisa kuna mambo matatu yanayowezekana: mrija umechomoka mlangoni, umekatika kwenye bawaba, au diaframu imepasuka wazi. Kufungua paneli ndiko kutakakoamua.

Ingizo la 6: Vali kuu

Mlango wa dereva ulifunguliwa kwanza kwa kuwa amri zote zinatokea hapo. Paneli ya W123 inatoka hivi: kitufe cha loki kinafunguliwa kwa kuzungushwa, pambo la mkono wa kioo linabanduliwa na skrubu yake kutolewa, mshikio wa mlango unatolewa skrubu zake (moja hufichwa na kifuniko), kisha fremu ya mkono wa kufungulia. Klipu zinabanduliwa kuanzia chini na pembeni, halafu paneli nzima inanyanyuliwa juu ili iachane na ukingo wa dirisha. Usiivute kwako kabla ya kuinyanyua, ukingo wa juu ni wa ubao uliobanwa na unakatika. Kioo kiwe juu kabisa. Nyuma ya paneli kuna karatasi ya plastiki ya kuzuia maji: iachanishe taratibu na gundi yake, usiichane.

Vali kuu ikapimwa ikiwa mahali pake. Pampu kwenye tundu la tangi, matundu ya kufunga na kufungua yamezibwa. Nafasi ya kufungua: imeshika 500 bila kutikisika. Nafasi ya kufunga: imeshuka hadi 380 ndani ya dakika moja, na ukitega sikio kwa kutumia kipande cha mpira kama cha daktari unasikia hewa ikinyonywa kwenye tundu la kupumulia. Ujazo hapa ni mdogo mno kwa hiyo uvujaji si mkubwa, ila upo muda wote gari likiwa limefungwa, yaani usiku kucha.

Ndani ya vali ni kipande kinachoteleza chenye mihuri ya mpira. Mihuri ikikauka au kuchakaa upande mmoja, vali inashika nafasi moja na kuvuja nyingine, kama hii. Kuipaka mafuta kunaleta nafuu ya muda, lakini mafuta ya kawaida yanavimbisha baadhi ya mipira na vali inakuwa nzito kusogea. Tumebadilisha vali nzima. Wakati wa kuifunga, cheza na ufunguo polepole na utazame kipande kinachoteleza kinafika mwisho pande zote mbili. Kikiishia katikati, matundu yote mawili yanaachiwa hewa nusunusu, na utapata dalili za uvujaji kwenye mfumo usiovuja popote.

Ingizo la 7: Nyuma kulia

Paneli imetoka, mrija wa kufungua umeonekana uko mahali pake na mzima. Mrija peke yake, ukiwa umezibwa mwisho wake, umeshika 500. Pampu ikaunganishwa moja kwa moja kwenye tundu la kufungua la akchueta: hakuna kitu. Tundu la kufunga la akchueta hiyohiyo: 495 baada ya dakika 5.

Matokeo haya yanachanganya kidogo. Kama diaframu moja imepasuka, mbona upande wa pili unashika? Akchueta ilipotolewa na kufunguliwa mezani jibu likapatikana. Mpira wa diaframu umekunjwa pembeni ili uweze kusafiri pamoja na fimbo. Mpasuko wa karibu milimita 15 ulikuwa kwenye mkunjo huo, umefuata duara lake. Upande wa kufunga ukivutwa, kingo za mpasuko zinabanana kwenye ukuta wa nyumba na kujiziba, na upande wa kufungua ukivutwa zinaachana na kubaki wazi. Mpira wenyewe ukiubonyeza kwa ukucha hauruki tena, unaacha alama. Kwa hiyo akchueta ipimwe matundu yote mawili, na kila tundu lipimwe fimbo ikiwa juu na ikiwa chini. Upande mmoja kushika si cheti cha uzima.

Suala la kukata diaframu mpya kutoka kwenye shiti la mpira limejadiliwa. Linawezekana pale tu mpira unapokuwa mwembamba, wenye kitambaa ndani, wa aina isiyoharibiwa na mafuta, na uliofinyangwa ukawa na mkunjo. Shiti bapa halina urefu wa ziada, fimbo inasafiri nusu ya mwendo na kitasa kinabaki katikati. Mpira wa glovu unapasuka mapema. Na nyumba ya akchueta, mara tu imefunguliwa kwa nguvu, nayo inakuwa mahali papya pa kuvujia. Uamuzi: akchueta nyingine. Iliyotumika inafaa mradi imepimwa matundu yote mawili kabla ya kuingia mlangoni, kwa dakika 5 kila tundu. Hata mpya ipimwe. Dakika 10 mezani ni nafuu kuliko kubandua paneli mara ya pili.

Fimbo ilipounganishwa na kitasa, kitasa kikachezwa kwa mkono kwanza. Kilikuwa kizito. Hesabu inaonyesha kwa nini hilo ni muhimu: diaframu yenye kipenyo cha kazi cha milimita 40 ina eneo la sentimita za mraba 12.6. Kwa 500 inavuta kwa nguvu ya takriban niutoni 63, kama kunyanyua kilo 6 na zaidi kidogo. Kwa 200 zinabaki niutoni 25. Kitasa chenye grisi iliyoganda kinameza nguvu hiyo yote, na mtu anaona mlango mvivu anasema ni vakyumu. Kitasa kikaoshwa grisi ya zamani, kikapakwa grisi nyeupe ya lithiamu kwenye sehemu za chuma tu. Dawa ya kulegeza kutu isirushwe ndani ya mlango ovyo, ikitua kwenye viungo vya mpira inavilainisha na kuvivimbisha.

Ingizo la 8: Abiria mbele, buti na mafuta

Mlango wa abiria mbele ulikuwa unashuka njia zote mbili, kufunga na kufungua. Njia mbili kuharibika kwa pamoja huelekeza kwenye kitu kinachozigusa zote, na kitu hicho ni bawaba. Ndani ya mpira wa bawabani mirija inapinda kila mlango unapofunguliwa, na viungo vilivyoko hapo vinatingishwa kwa miaka yote ya maisha ya gari. Vyote viwili vilikuwa na nyufa mdomoni. Ukivitazama vikiwa vimetulia huoni kitu. Ukivipinda ufa unafunguka. Kwa hiyo pima mlango ukiwa umefungwa, pima tena ukiwa wazi kabisa, na mtu mwingine auchezeshe taratibu huku wewe ukitazama geji. Sindano ikiruka mlango unaposogea, usipoteze muda kwenye akchueta.

Viungo vipya vikawekwa, mirija ikakatwa milimita 5 mwishoni ili mpira ushike sehemu ambayo haijakwaruzika. Mkato uwe wima na uwe kwa wembe, maana koleo hubana mrija ukawa yai. Akchueta ya mlango huu imepimwa na ni nzima.

Kwenye buti na kifuniko cha mafuta hapakuwa na uvujaji wa kutisha, kiungo kimoja tu kilicholegea kando ya tangi. Kifuniko cha mafuta kilikuwa kinagoma kwa sababu ya pini iliyokauka ndani ya mwongozo wake. Imesafishwa na kupakwa silikoni.

Ingizo la 9: Viungo vyote

Palikuwa na hoja ya kubadilisha viungo vilivyovuja tu. Hatukuifuata. Viungo vya mpira vina umri mmoja, vimepita joto moja, na ukichomoa kimoja ili kupima tayari umeshakipanua. Vyote vilivyofikiwa na mkono vimebadilishwa: vya moja kwa moja, vya kona, vya tawi tatu na vya tawi nne. Kila kimoja kilihesabiwa na kupimwa kipenyo cha ndani kwa venia kabla ya kuagiza, kwa sababu upo ukubwa zaidi ya mmoja ndani ya gari lilelile na tofauti ya milimita moja haionekani kwa macho.

Gundi haitumiki. Mrija unaingia mkavu au kwa ukungu wa grisi ya silikoni, unasukumwa hadi ukome. Kama kiungo kinahitaji gundi ili kishike, hicho si ukubwa wake, au mrija umechakaa mwisho. Tai ya plastiki ya kukazia nayo haishauriwi kwenye mirija hii, inabana upande mmoja na kufungua mwingine.

Mwisho wa kazi ya milango ni karatasi ya kuzuia maji. Imerudishwa kwa gundi ya butili mzunguko wote, ukingo wa chini ukiingizwa ndani ya tundu la mlango ili maji yanayoteremka kwenye kioo yadondokee ndani ya mlango na kutoka kwenye matundu ya chini. Ikirudishwa hovyo, maji yanaingia kwenye kapeti, na chini ya kapeti ndiko viliko viungo vipya na chuma cha sakafu.

Ingizo la 10: Vipimo vya mwisho

Mfumo wote umeunganishwa, injini imezimwa, pampu ya mkono kwenye mrija wa loki chini ya boneti. Milango imefunguliwa: 500 imebaki 488 baada ya dakika 5. Milango imefungwa: 490. Tangi limo ndani ya vipimo hivi, na ujazo wake mkubwa hupunguza kasi ya geji kushuka, kwa hiyo namba hizi zisilinganishwe na za tawi moja.

Injini inazima mara ufunguo unapogeuzwa, milango ikiwa wazi au imefungwa. Milango yote inafuata ule wa dereva ndani ya sekunde moja hivi. Baada ya kulala usiku, asubuhi milango yote minne, buti na kifuniko cha mafuta vimefunguka kabla injini haijawashwa, na akiba imetosha kufunga na kufungua tena mara kadhaa. Gia zinaingia kwa ulaini zaidi, ingawa modulita haijaguswa. Yeyote aliyewahi kurekebisha modulita ili kufidia vakyumu iliyokuwa inapotea, airudishe kwenye kipimo chake baada ya kuziba uvujaji, la sivyo gia zitaanza kuteleza.

Nyongeza kwa wenye magari ya baadaye kidogo

Mercedes za W126, W201 na W124 nazo zina sentro loki ya hewa, lakini usitumie ramani hii. Huko pampu ya umeme inatengeneza mvuto wa kufunga na shinikizo la kufungua kupitia mrija mmoja, na akchueta zina tundu moja. Hakuna uhusiano na injini, kwa hiyo kuchelewa kuzima hakutokani na loki. Dalili ya uvujaji ni mlio wa pampu: ikizima ndani ya sekunde chache mfumo unashika, ikiendelea kulia mpaka ijikate yenyewe, kuna mahali panavuja. Ziba mrija kwenye pampu yenyewe. Ikizima haraka, pampu ni nzima, na kazi ya kugawa matawi kwa vizibo inaendelea kama ilivyoelezwa juu. Ila kila tawi lipimwe kwa mvuto na kwa shinikizo pia, kwa sababu mpasuko wa diaframu unaweza kujiziba upande mmoja na kufunguka upande wa pili, kama ule wa mlango wa nyuma kulia.

Kilichobaki kwenye 300 D hii ni mirija ya vakyumu ya kiyoyozi nyuma ya dashibodi. Hiyo ina tawi lake, imezibwa kwa sasa kwenye kiungo cha chini ya boneti, na itapimwa dashibodi itakapofunguliwa kwa kazi ya hita.